Kuku wa Moto Juu ya Kabati

Wifi yangu alikuja kuazima sufuria la shughuli. Sufuria hilo la kupikia pilau ya watu mia tunaliweka chumbani kwetu juu ya kabati, maana jikoni halienei na stoo imejaa majamvi ya mama mkwe. Akapanda kiti, akalivuta, na nyuma yake kikadondoka kifurushi: gazeti juu ya gazeti, kisha kamba ya katani imezungushwa na kukazwa fundo la kibaharia. Nyumbani kwetu hakuna anayefunga fundo lile isipokuwa mume wangu.

"Kaka anaficha nini?"

Mtu mwingine angekirudisha alipokikuta. Yeye alimwita mama yake.

Mama mkwe akaja na tasbihi mkononi, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakipima kifurushi kwa kiganja. Si pesa, akasema, pesa hazina kona. Si hirizi, hirizi haiwi kubwa hivi. Labda barua. Wifi aliposikia "barua" akanitazama kwa huruma ambayo sikuiomba. Dada wetu wa kazi naye alikuwa ameshafika mlangoni na ungo wake, anachambua mchicha bila kuutazama. Nikawaambia tumsubiri mwenyewe arudi. Kabla sijamaliza kusema, kamba ilikuwa imekatwa.

Ndani mlikuwa na kitabu. Kikuukuu, kurasa zimegeuka rangi ya chai, jalada la rangi ya chungwa na nyeupe, na katikati yake ndege kasimama kwenye ndimi za moto.

"Kuku anaungua," mama mkwe akasema. "Kitabu cha mapishi."

Nilisoma jina nikacheka. Kabla ya kufungua duka langu la kopi na vifaa vya shule nilikuwa mwalimu wa Kiingereza sekondari, na sifa za *Lady Chatterley's Lover* cha D. H. Lawrence nilizisikia tangu chuoni. Kilikuwa kinazunguka bweni la wanawake hakina hata jalada, na zamu yangu haikufika. Wifi akataka kujua kinahusu nini. Nikamwambia: mke wa bwana mkubwa mmoja wa Uingereza, na mlinzi wa msitu wa huyo huyo bwana.

Akashuka kwenye kiti. Sufuria akaliacha sakafuni, na shughuli ilikuwa kesho yake.

Baba watoto aliporudi jioni alikuta kikao kimeshakaa. Yeye ni mjumbe wa baraza la kata, mtu aliyezoea kusikiliza migogoro ya wenzake akiwa upande wa meza wenye kalamu, na siku hiyo akaonyeshwa kigoda. Akajieleza. Kitabu alikinunua Dar es Salaam, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandikwa chini kando ya barabara. Muuzaji alimwambia kitabu hiki kimewahi kufikishwa mahakamani, akaona si cha kukiacha. Bei hakuitaja. Na kukificha? Kwa sababu ya watoto. Mama yake akamwambia watoto hawapandi juu ya kabati. Basi, akasema kwa sauti ndogo, kwa sababu ya mama. Mama mkwe akamkumbusha kwamba amezaa saba, na hakuna hata mmoja aliyeokotwa pwani.

Muuzaji hakumdanganya. Lawrence alikitoa kitabu hiki kwa gharama zake mjini Florence, Italia, mwaka 1928, nakala 1,000, kwa sababu London hakuna ambaye angethubutu kukichapa kizima. Waliopanga herufi walikuwa Waitaliano wasiojua Kiingereza, kwa hiyo kazi ilikwenda bila mtu kuona haya. Kwa miaka thelathini na ushei toleo kamili likawa marufuku Uingereza. Mwaka 1960 kampuni ya Penguin ikachapa nakala 200,000 za kuuzwa shilingi 3 na peni 6, bei ambayo hata mfanyakazi wa kiwandani angeimudu. Serikali ikaishtaki kampuni kwa sheria ya machapisho machafu ya mwaka 1959. Kesi ilisikilizwa Old Bailey kuanzia mwezi Oktoba, na mwendesha mashtaka, Mervyn Griffith-Jones, akawauliza wajumbe 12 wa juri swali ambalo Waingereza wanalicheka mpaka leo: je, kitabu hiki ungependa hata mkeo akisome, au watumishi wako?

Watatu kati ya wajumbe hao walikuwa wanawake.

"Mtumishi ndiyo mimi?" dada akauliza kutoka mlangoni.

"Ndiyo wewe," wifi akamjibu. "Na mke ndiye huyu wifi yangu."

"Na mama mkwe?" akauliza mama mkwe.

Nikamwambia mama mkwe hakutajwa.

"Basi hajakatazwa."

Ikapita, kura zote dhidi ya moja, kwamba kitabu kisomwe sebuleni kila baada ya isha, watoto wakishalala. Mimi nisome, niwaeleze kwa Kiswahili, na asiwepo wa kuniharakisha wala wa kuniambia niruke. Baba watoto, aliyekuwa ile kura moja, akapewa kazi ya kukistiri. Akakifunika kwa karatasi ya kaki kama tunavyofunika madaftari ya watoto, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa SAYANSI KIMU, akiamini hakuna mtoto anayefungua Sayansi Kimu kwa hiari yake.

Na si sisi wa kwanza. Jaji wa kesi ile, Laurence Byrne, alisomewa kitabu na mkewe. Bibi Dorothy Byrne alikipitia, akaandika orodha ya kurasa zenye mambo, akaeleza kwa kifupi kila ukurasa una jambo gani, halafu akamshonea mumewe mfuko wa kitambaa wa kukibebea kortini ili wapiga picha wasione jalada. Kwa hiyo wakati mwendesha mashtaka anauliza kama mke anafaa kukisoma, mke wa jaji alikuwa ameshakimaliza. Nakala hiyo iliuzwa kwa mnada London mwaka 2018 kwa zaidi ya pauni 56,000. Baba watoto aliposikia bei hiyo alianza kuitazama karatasi yake ya kaki kwa heshima mpya.

Ubaya wa karatasi ya kaki ni kuwa nyumba yetu nzima imefunikwa kwa karatasi ya kaki. Siku moja asubuhi, mama mkwe alipokwenda kukitoa chini ya mto wa kochi apate kumwonyesha jirani yule kuku, akatoa daftari la Jiografia. Kitabu kilikuwa kimekwenda shule ndani ya mkoba wa binti yetu wa kidato cha kwanza.

Sijapata kumwona mume wangu akipanda bodaboda bila kwanza kubishana nauli. Siku hiyo alipanda. Alipofika, madaftari ya darasa zima yalikuwa yameshakusanywa kwa kusahihishwa, na mwalimu ameondoka nayo. Alirudi nyumbani akakaa uani peke yake, mjumbe wa baraza la kata, akipanga maneno atakayoyasema mbele ya mwalimu mkuu. Binti alipotoka shule akaulizwa kama alikifungua. Hakukifungua. Kimeandikwa Sayansi Kimu.

Jumatatu mwalimu alikirudisha mwenyewe, getini, kimefungwa tena kwa gazeti. Baba watoto akaanza hotuba yake. Mwalimu akamkatiza kwa upole.

"Nimefika ukurasa wa sitini, Baba. Wanaongea tu."

Sijasoma uhakiki uliokigusa kitabu hiki penyewe kama ule wa getini. Penguin ilishinda kesi tarehe 2 Novemba 1960, na kitabu kilipoingia madukani siku nane baadaye nakala zote 200,000 zikaisha siku hiyo hiyo. Ndani ya mwaka zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 2. Nashuku sana kwamba wengi wa wanunuzi wale waliishia alipoishia mwalimu, nao wakakiacha rafuni bila kusema, maana nani atakubali kwamba alipanga foleni kwa ajili ya mazungumzo?

Tukaendelea. Constance, au Connie, anaolewa na Clifford Chatterley mwaka 1917, wakati Clifford yuko likizo ya kutoka vitani. Fungate ni mwezi mmoja. Anarudi Flanders, na miezi sita baadaye analetwa vipande vipande, akaungwa, akapona, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hana tena uhai. Wanahamia Wragby, jumba la ukoo wa mume huko katikati ya Uingereza, karibu na machimbo ya makaa ya mawe yanayomlipa. Mama mkwe akasema maskini, na tangu hapo akawa upande wa Clifford. Kila Connie alipotoka kwenda msituni, yeye alitaka kujua nani kabaki na mgonjwa.

Hapo ndipo nilipoanza kumwekea Lawrence kinyongo. Mwandishi anayetaka tupime ndoa mbovu hutuachia mizani. Huyu hakutuachia. Mume ni kilema, na kana kwamba hilo halitoshi ni baridi, ni mwenye majivuno, anaandika hadithi ili asifiwe, anawadharau wachimbaji wanaomtajirisha. Kila tulipokaribia kumwonea huruma, Lawrence alimtia kinywani maneno mengine ya kuchukiza. Mama mkwe aliligundua hilo bila kusoma hata herufi moja. "Huyu mtu anasingiziwa," akasema.

Halafu wale marafiki wa Clifford. Wanakaa mbele ya moto, mabwana waliosoma Cambridge, wanajadili mapenzi na akili, akili na mwili, usiku hata usiku. Dada alikuwa ameinjika maziwa, akasinzia. Wifi akasinzia. Tuliamshwa na harufu. Maziwa yalikuwa yamefurika, yamezima jiko na kuganda sakafuni, na wale mabwana walikuwa bado hawajafika popote.

Kilichotuamsha kwa kweli ni Clifford mwenyewe. Anamwambia mkewe, kwa utulivu kabisa, kwamba hatajali akizaa mtoto na mwanamume mwingine, bora awe mtu wa kufaa, na mtoto alelewe Wragby kama mrithi. Sebule ikalipuka. Wifi akasema huyu kauza mke. Mama mkwe kwa mara ya kwanza akakosa la kumtetea mgonjwa wake. Na baba watoto, ambaye jioni zote zile alijifanya anasikiliza mpira redioni, akapunguza sauti.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, akatueleza, kifungu cha 72, inampa mume au mke haki ya kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake. Wengi wanaijua kwa jina la fidia ya ugoni, na wanaijua vizuri sana. Lakini kifungu hicho hicho kinasema dai litatupwa ikiwa mdai mwenyewe aliridhia. Kwa hiyo Clifford angekuja kwenye baraza letu angerudi mikono mitupu.

"Lakini aliridhia mtu wa kufaa," wifi akapinga. "Hakuridhia mlinzi."

Wakabishana mpaka saa sita ya usiku kama ridhaa inaweza kuwa na daraja. Ilikuwa jioni tamu kuliko zote, na kitabu nilikuwa nimekifunga mapajani.

Huyo mlinzi anaitwa Mellors. Alishakuwa ofisa jeshini, akaacha, akarudi kulea ndege wa kuwindwa, na mkewe Bertha wameachana bila talaka. Akitaka kumkera bwana wake anageuza ulimi, anasema Kiingereza cha vijijini kwa makusudi. Kuna ukurasa mzuri wa Connie akichutama kwenye viota, kashika kifaranga kiganjani, machozi yanamtoka, na mlinzi yuko karibu hajui afanye nini. Dada alipenda hapo. Alisema kifaranga cha siku moja kweli huliza mtu.

Kuanzia hapo ndipo yalipo yale ya kesi. Mwendesha mashtaka alikuwa ameyahesabu, matukio 13. Wifi aliposikia hesabu hiyo alileta mto wake kutoka kwake. Baba watoto akahamia uani na redio yake, nami nikamwambia mama mkwe kwamba Clifford naye, mkewe akiwa msituni, hukaa na redio saa nzima nzima akitafuta Madrid na Frankfurt. Kicheko chake kilisikika hadi uani, na redio ikaongezwa sauti.

Ni vizuri mjue mama mkwe alikuwa nani ujanani. Alikuwa somo. Amewafunda wari kuanzia Pangani hadi huku Tanga mjini, na wapo wanawake wenye wajukuu ambao wakikutana naye sokoni bado wanapiga goti. Nilipokuwa naeleza kwa kuzungukazunguka, nikitafuta maneno ya adabu, alinyoosha mkono akaniambia niseme tu. Nikasema. Akasikiliza la kwanza, la pili, la tatu, macho kafumba, kidole kwenye tasbihi.

"Kwa nini haachi kuongea?" akauliza.

Ni kweli, Mellors haachi. Kabla, anaeleza kinachoiua Uingereza. Baada, anaeleza wanaume wanapaswa kuvaa nini ili dunia ipone. Anatoa hukumu juu ya kila mwanamke aliyepata kumjua, na Connie amelala hapo, anasikiliza, anashukuru. Mama mkwe akasema mambo haya hufundishwa kwa ngoma na kwa fumbo, mwanamke akamfunda mwanamke, na anayeyajua hana haja ya kuhutubia. Huyu kajifunza kwenye vitabu. Ilipofika tukio la nne akaomba kahawa. Wifi alivumilia hadi la sita, kisha akachukua mto wake.

Mimi nilikwama kwenye jambo jingine. Katika mapenzi haya yote hakuna mtu anayemjibu mtu. Hakuna mjomba wa kuitisha kikao. Dada yake Connie, Hilda, anakuja na gari na hasira, anamkabili Mellors mezani, nikadhani sasa tutapata kesi. Wanarushiana vijembe kurasa chache na mambo yanakwisha. Baba mtu analetwa mwishoni, anakula chakula cha mchana na mlinzi kwenye klabu yake, wanakunywa, wanacheka mambo ya wanaume. Mume anajua la mwisho, kwa barua. Nimesoma riwaya nyingi za ndoa zilizovunjika, na uhondo wake daima uko kwa wale wanaobaki na mzigo. Lawrence mzigo huo hautaki kabisa. Anataka msitu.

Na inaudhi zaidi kwa sababu anapoingia ndani ya nyumba anajua kuandika. Tazameni kile kigari. Clifford ana kiti chenye injini, na siku moja ya masika anakwenda nacho msituni, Connie akitembea pembeni, magurudumu yakisaga maua njiani. Kwenye mlima kiti kinagoma. Clifford anavuta hiki, anabonyeza kile, hataki msaada. Anaitwa Mellors, anainama, anachungulia chini, anasema yeye si fundi wa injini. Anasukuma kidogo, Clifford anamkemea aache, kiti kiende chenyewe. Kiti hakiendi. Kinarudi nyuma. Mwishowe bwana mkubwa anakubali kwa shingo upande, na mlinzi, ambaye mapafu yake hayana nguvu tangu alipougua nimonia, anakiinua kwa nyuma ili breki iachie, uso ukimpauka. Kisha wanasukuma wawili, mke na mwanamume wake, bega kwa bega, na juu ya kiti amekaa mume, anazungumza. Mkono wa Mellors uko kwenye mpini. Connie anainama anaubusu, nyuma ya kichwa cha mumewe.

Nilitakiwa kurudia ukurasa huo. Baba watoto alitoka uani akasimama mlangoni kuusikiliza. Ndoa yote ya watu wale imo kwenye kilima kile: nani amekaa, nani anasukuma, nani hashukuru. Kama kitabu chote kingekuwa hivyo ningekifunika kwa hariri.

Lawrence mwenyewe aliyajua haya kwa kuyaishi. Mwaka 1912 alitoroka na Frieda, mke wa profesa wake wa zamani huko Nottingham, na mwanamke yule aliacha watoto watatu. Walioana, wakahama nchi baada ya nchi, na inajulikana kwamba Frieda hakuwa wa mtu mmoja. Wakati kitabu kinaandikwa, nje ya Florence, mume alikuwa anakwisha kwa kifua kikuu, na mke alikuwa na ofisa wa Kiitalia aitwaye Angelo Ravagli. Lawrence alifariki mwaka 1930, hajafikisha miaka 45. Mwaka 1950 Frieda akaolewa na Ravagli. Mama mkwe alisikiliza habari hii kwa makini kuliko riwaya. "Mla cha mwenziwe na chake huliwa," akasema, akauliza kwa nini mwandishi hakuandika hicho. Nami nauliza vilevile. Mgonjwa aliyemo ndani ya nyumba, anayejua mkewe anakwenda wapi, alikuwa yeye. Akampa Clifford kiti, akajipa msitu.

Tukafika kwa Bibi Bolton. Huyu ni muuguzi anayeletwa kumhudumia Clifford, mwanamke wa kijijini, mjane. Anamnyoa, anamwogesha, wanacheza karata usiku kucha kwa pesa ndogo ndogo, na taratibu yeye ndiye anayeishika nyumba. Siku moja anamsimulia Connie habari za mumewe, Ted, aliyefia mgodini. Kampuni, ambayo ndiyo hiyo ya akina Chatterley, ilitakiwa kumlipa fidia ya pauni 300. Yeye alitaka apewe zote kwa pamoja afungue kiduka. Wakakataa. Wakasema atazichezea, labda azinywee pombe. Wakampa shilingi 30 kwa wiki, na kila Jumatatu asubuhi, kwa karibu miaka minne, alikwenda ofisini kwao akasimama saa mbili kwenye foleni, akisubiri kupewa kilicho chake.

Ni nusu ukurasa. Hakuna aliyesema kitu. Dada aliniomba nirudie hapo pa kiduka, nikarudia, akaondoka kwenda kufunga milango.

Mwisho wa kitabu haukumfurahisha yeyote. Connie ana mimba, amemwacha Clifford, Mellors yuko kwenye shamba la watu, na kurasa za mwisho ni barua yake ndefu kwenda kwa Connie. Wifi akafunua, akatafuta, akageuza kitabu juu chini. "Wanaoana?" Haisemwi. Clifford kakataa kutoa talaka, na kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, iliyokuja kubadilishwa mwaka 1937, kilichovunja ndoa ni uzinzi tu, na aliyezini hakuwa na haki ya kuomba. Lazima aombe aliyekosewa. Mellors naye anasubiri talaka yake na Bertha ikamilike, kwa hiyo hathubutu kuonekana na Connie. Baba watoto alisema sheria ya kwetu ingewataka kwanza waende baraza la usuluhishi, na yeye angewasuluhisha. Wifi akamwuliza angewasuluhisha wangapi, maana mpaka hapo walikuwa wanne na mtoto njiani.

Asubuhi iliyofuata dada alikuwa ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Mama mkwe alipopita akamwita.

"Bibi, shikamoo. Zile pesa zangu naziomba."

Zile pesa ni nusu ya mshahara wake. Tangu aanze kazi kwetu mama mkwe ndiye anayemwekea, kwenye sanduku la mvule, asije akazichezea kwa mafuta ya nywele na vocha za simu.

"Utapewa mwisho wa mwezi kidogo, mwanangu. Za nini?"

"Zote, bibi. Nataka kuuza vitumbua."

Mama mkwe akaniita mimi. Mimi nikamwita baba watoto. Yule mwendesha mashtaka wa London, nikawaza, alikuwa sahihi kuhofia kitabu hiki kikifika kwa watumishi. Ila alikuwa amehesabu kurasa nyingine. Baba watoto alikaa upande wa meza wenye kalamu, akasikiliza pande zote mbili, akaamua kwamba pesa ni za dada, zitolewe leo, na kuanzia mwezi huu mshahara wote aupokee mkononi mwake. Alfajiri hadi saa tatu ni wakati wake. Baada ya hapo ni wetu. Mama mkwe akafungua sanduku akizitaja noti moja moja kwa sauti, kana kwamba anaziaga.

Kikaango kimenunuliwa, na meza iko pale kwenye kona ya barabara, mita chache kutoka dukani kwangu. Vitumbua vina iliki ya kutosha, na kwa bahati mbaya hata kwetu haviuzwi kwa bei ya nyumbani. Juzi mama mkwe alimtuma mjukuu akachukue vitano vya mkopo. Mtoto akarudi na sahani tupu na ujumbe: bibi aje mwenyewe Jumatatu asubuhi, akae foleni.